Ibara ya Tano: Kutoka Lausanne Hadi Kirinyaga

Septemba 2024, maelfu ya viongozi wa Kikristo wa kiinjili walikusanyika Incheon, jirani na Seoul, Korea Kusini. Siku ya somo la haki, aliyepewa zamu ya kuzungumza alikuwa mwanateolojia Ruth Padilla DeBorst, na katika hotuba yake aliwataja watu wa Gaza na mateso yao. Muda si muda waandaaji wakawatumia washiriki barua pepe ya kuomba radhi. Zikazuka kelele mbili kwa mpigo: za waliochukizwa na hotuba, na za waliochukizwa na barua.

Kwa anayeijua historia ya vuguvugu hili la Lausanne, jina Padilla lilitosha. Miaka 50 kabla ya hapo babake, René Padilla, aliwatia tumbojoto viongozi wa vuguvugu hilihili kwa jambo hilihili. Na kisa chenyewe kinatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyodhani.

Ilikuwa Julai 1974, katika jumba la Palais de Beaulieu mjini Lausanne, Uswisi. Mhubiri Billy Graham wa Marekani alikuwa amewaita wajumbe zaidi ya 2,300 kutoka nchi zipatazo 150 kupanga jinsi ya kuipeleka injili kwa dunia nzima. Ndani ya jumba hilo palikuwa na saa iliyohesabu ongezeko la watu duniani, nambari zikipanda siku zote kumi za mkutano. Ujumbe wake haukuhitaji mkalimani: watu wanazaliwa, muda unayoyoma, hubirini.

Padilla, mzaliwa wa Ecuador, hakupinga kuhubiri. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi na wanafunzi wa vyuo vikuu Amerika Kusini, kwenye nchi za udikteta, za wakulima wasio na ardhi na vijana waliokuwa wakisoma Marx usiku. Alichopinga ni injili inayouzwa kama bidhaa: imefungwa vizuri, bei nafuu, imevikwa mila na starehe za Marekani, na haimdai mnunuzi toba yoyote kuhusu anavyoishi na jirani yake. Aliyasema hayo mbele ya Wamarekani waliogharimia sehemu kubwa ya mkutano. Mwenzake Samuel Escobar wa Peru akaongeza kwamba uinjilisti usiojali dhuluma humpotosha Kristo mwenyewe. Waliokuja na mikakati na takwimu walikasirika. Wengine, hasa wa Asia, Afrika na Amerika Kusini, walihisi kwamba hatimaye mtu amesema yaliyokuwa moyoni mwao. Watu wapatao 500 wakajitenga kando ya ratiba rasmi, wakaandika tamko lao kuhusu uanafunzi wenye kung'oa mambo mizizi.

Kazi ya kuandika hati ya pamoja ilimwangukia John Stott, kasisi Mwanglikana wa London. Kwa asili Stott alikuwa mhafidhina, tena mwenye heshima kubwa upande wa Graham. Lakini alikuwa amesafiri Amerika Kusini na Padilla. Padilla alisimulia jinsi walivyofika Bariloche, Argentina, usiku wa mvua, viatu vimejaa tope. Asubuhi alizinduliwa na sauti ya brashi, akamkuta Stott ameketi anamsafishia viatu vyake. Simdharau anayeona hicho ni kisa kidogo, ila kwangu kinaeleza mengi. Mtu aliyeishi na wenzake namna hiyo asingeweza kukaa mezani Lausanne akawaandika kama wasumbufu.

Matokeo yalikuwa Agano la Lausanne, lenye ibara 15. Ibara ya tano ndiyo iliyotikisa. Humo waliotia saini walitubu kwamba wamepuuza wajibu wa kijamii na kwamba nyakati nyingine wameuona kama adui wa uinjilisti, wakakiri kwamba vyote viwili ni wajibu wa Mkristo. Wahafidhina nao walipata chao: ibara hiyohiyo inasema ukombozi wa kisiasa si wokovu, na ya sita inaupa uinjilisti nafasi ya kwanza. Ibara ya tisa iliwataka wenye nacho waishi maisha ya kiasi. Ruth Graham, mkewe Billy, hakutia saini kwa sababu ya hiyo.

Ibara hiyo ya tisa ina alama ya Kenya. Mwaka 1971, Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki aliwaambia Wamarekani mjini Milwaukee kwamba wamisionari na fedha zao wasimame kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama kwa miguu yake. Maneno hayo yalipokewa kama tusi. Mei 1974 Baraza la Makanisa ya Afrika Yote lilipokutana Lusaka, hoja ikapamba moto. Miezi miwili baadaye, Lausanne ikakiri kwamba penye kanisa tayari, kupunguza wageni na fedha kunaweza kuhitajika. Anayesema mvutano huu uliletwa Afrika na Wazungu wa mrengo wa kushoto ameisoma historia kinyumenyume.

Ila si Waafrika wote waliokuwa upande mmoja, na haifai kumsahau Byang Kato. Huyu Mnigeria aliongoza jumuiya ya makanisa ya kiinjili ya Afrika akiwa Nairobi. Alihofu kwamba kiu ya kuwa Waafrika na kuwa wanamapinduzi ingemfanya Kristo awe mmoja tu kati ya wengi. Kitabu chake cha 1975, kilichochapishwa na Evangel ya Kisumu, kilimkosoa vikali John Mbiti, mwanateolojia mashuhuri wa Kenya. Naona alimkosea Mbiti. Lakini hoja yake haikuwa ya kukodishwa. Aliiamini kwa dhati, na alitaka Waafrika waijibu kwa elimu ya juu. Desemba 1975 alizama baharini Mombasa, akiwa na umri wa miaka 39, na mjadala ukapoteza sauti ambayo ingeunoa.

Mapema mwaka huohuo, Januari, kamati ya kuendeleza kazi ya Lausanne ilikutana Mexico City. Graham alitaka ishughulikie uinjilisti peke yake. Stott akasimama mbele ya rafiki yake, akasema kwamba kufanya hivyo ni kuwasaliti waliotia saini. Walifikia mwafaka uliokuwa na ufa, na katibu mtendaji akachaguliwa Gottfried Osei-Mensah, Mghana aliyekuwa mchungaji wa kanisa la Nairobi Baptist.

Maneno ya Lausanne yalitiwa kwenye mizani halisi Kenya, mwaka 1986. Chama tawala cha KANU kilikuwa kimeamua kwamba wagombea wake wateuliwe kwa mlolongo: wapiga kura wanasimama foleni hadharani nyuma ya mgombea au picha yake, na anayepata asilimia 70 anapita bila kupingwa. Agosti mwaka huo wachungaji wapatao 1,200 wa Baraza la Makanisa, NCCK, walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta wakasema hapana. Mchungaji anayeonekana na kondoo wake wote akipanga foleni nyuma ya mtu mmoja, Jumapili atawahubirije wa foleni ya pili? Hoja ilikuwa ya kichungaji kabisa. Serikali iliisikia kama uasi. Kanisa la Africa Inland, ambalo Rais Moi alikuwa muumini wake, likajitoa NCCK. Warumi 13, kuhusu kutii mamlaka, ikawa andiko la siku.

Aliyesimama mbele upande wa pili alikuwa mtu wa kiinjili asiyetiliwa shaka: Askofu David Gitari wa Kianglikana. Alikuwa ameutumikia umoja wa wanafunzi wa kiinjili wa Afrika, wa ukoo uleule wa huduma walikotoka Padilla na Escobar. Mahubiri yake yalikuwa ufafanuzi wa andiko mstari kwa mstari, na hapo ndipo ulipokuwa ukali wake. Juni 1987, akiwa Nyeri, alihubiri Danieli sura ya sita. Mfalme Dario, alieleza, alitia saini sheria kwa haraka bila kuwasikiliza watu wake wote, akajikuta amefungwa na sheria aliyoitunga. Katiba ya Kenya ilikuwa ikibadilishwa kwa haraka hiyohiyo. Wanasiasa wakamjia juu. Aprili 1989 genge lilivamia nyumba yake Kirinyaga usiku. Yeye na familia yake walipanda juu ya paa wakapiga mayowe, na wanakijiji ndio waliowaokoa.

Mlolongo ulifutwa mwishoni mwa 1990. Viongozi waliokaa kimya hawakuombwa maelezo, nami nadhani hilo lilikuwa kosa la makanisa yenyewe, kwa sababu swali la ibara ya tano lilizikwa likiwa hai.

Likafufuka mwaka 2010 kwenye kura ya maoni ya katiba mpya. NCCK na Wakristo wa kiinjili wahafidhina, waliotengana wakati wa mlolongo, sasa walisimama jukwaa moja wakipigia debe "La" kwa sababu ya mahakama za Kadhi na kipengele kuhusu utoaji mimba. Tarehe 4 Agosti katiba ilipita kwa takriban asilimia 67 ya kura, na waumini wengi wa makanisa hayohayo walikuwa miongoni mwa walioipitisha.