Influenza katika ujauzito

Influenza katika ujauzito ni maambukizi ya virusi vya homa ya mafua kwa mwanamke mwenye mimba. Mafua ya kawaida humsumbua siku chache yakaisha. Influenza ni habari nyingine. Mwaka 1919 daktari Mmarekani John W. Harris alichapisha taarifa za wajawazito 1,350 waliougua katika janga lililoanza 1918: karibu nusu walipata nimonia, na zaidi ya nusu ya wenye nimonia walifariki. Hata miongoni mwa wasiopata nimonia, takriban robo mimba zao ziliharibika au walijifungua kabla ya wakati. Janga la 2009 lilirudia somo hilo kwa ukali mdogo zaidi: Marekani, wajawazito walikuwa kama asilimia 1 ya watu wote, lakini walifikia asilimia 5 ya waliokufa.

Chanzo kikubwa si ukali wa kirusi bali akiba ndogo ya pumzi. Mji wa mimba unapokua husukuma kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, juu kwa takriban sentimita 4. Hewa inayobaki mapafuni baada ya kushusha pumzi hupungua kwa karibu asilimia 20, ilhali mahitaji ya oksijeni hupanda kwa kadiri hiyohiyo. Kinga ya mwili nayo hubadilika, na damu huwa nyepesi kuganda. Ndiyo maana wagonjwa mahututi wengi huwa katika miezi mitatu ya mwisho.

Hapo ndipo wengi huchelewa. Mjamzito kuhema akipanda ngazi ni jambo la kawaida, hivyo nyumbani huambiwa ni mimba tu, itapita. Kuhema akiwa ameketi, kushindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, maumivu ya kifua, au mtoto kupunguza kucheza, si mimba tu. Afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Kirusi cha influenza ni nadra kuvuka kondo la nyuma. Mtoto huumia zaidi kwa homa kali na upungufu wa oksijeni wa mama: huzaliwa njiti, hukosa uzito au hufia tumboni. Homa kali katika wiki za mwanzo imehusishwa na mgongo wazi. UVIKO-19 hutofautiana kidogo, kwani wakati mwingine huharibu kondo lenyewe.

Homa hushushwa kwa parasetamoli. Ibuprofeni huepukwa kuanzia wiki ya 20, kwa kuwa huweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Oseltamiviri, dawa ya kupambana na kirusi chenyewe, hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zitokee. Daktari hangoji majibu ya maabara.

Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani limewaweka wajawazito mbele katika chanjo ya influenza, ingawa katika kliniki nyingi za Afrika Mashariki chanjo wanayoijua zaidi ni ya pepopunda. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo na kumlinda mtoto, ambaye hawezi kuchanjwa kabla ya miezi 6. Utafiti wa Bangladesh uliochapishwa 2008 ulionyesha influenza kwa watoto hao ikipungua kwa asilimia 63. Chanjo ya sindano hutolewa mwezi wowote wa mimba. Ile ya kupuliziwa puani, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, mjamzito hapewi.