Picha ya Malaika Mikaeli: nani alilipa?

Wandugu wasomi, leo nawaletea historia ya picha moja kupitia watu walioimiliki. Wengi wetu tukisikia habari za sanaa ya Ulaya tunafikiri ni rangi na uzuri tu. Mimi nataka tufuate makuta: nani alitoa, na yeye aliyatoa wapi?

Picha yenyewe iko London, mu National Gallery. Ni ya mafuta juu ya ubao, urefu karibu sentimetre 180, upana karibu 82. Malaika mukubwa Mikaeli amevaa chuma kama askari, upanga juu, shetani chini ya miguu yake. Ukitazama vizuri chuma cha kifua, utaona majengo ya Yerusalemu ya mbinguni yanaonekana pale kama ndani ya kioo. Na chini, kando, kuna mwanaume amepiga magoti na kitabu mukononi.

Huyo anayepiga magoti njo mwenye picha wa kwanza. Anaitwa Antoni Joan, bwana wa Tous, kijiji cha upande wa Valencia, Hispania. Alimupa kazi fundi mumoja wa Córdoba, Bartolomé Bermejo. Kuna hati ya malipo ya mwaka 1468, na fundi aliandika jina lake kwa Kilatini mu kikaratasi kidogo ndani ya picha: Bartolomeus Rubeus. Basi kwa upande wa makaratasi, mwanzo ni safi kabisa.

Lakini Antoni Joan alikuwa ananunua nini? Siyo pambo la nyumba. Picha ilikuwa katikati ya altare ya kanisa la Mutakatifu Mikaeli pale Tous. Kitabu anachoshika kimefunguliwa kwa Zaburi za kutubu, 51 na 130. Ni mutu mwenye upanga kiunoni anayeomba huruma mbele ya watu wa kijiji chake. Kila Misa, wale wakulima wangemuona palepale, karibu na malaika anayepima roho za watu. Alilipa ili aombewe. Na makuta ya bwana wa wakati ule yalitoka wapi? Kwa mashamba na kodi, yaani kwa jasho la walewale waliokuja kuomba. Jina lao haliko mu hati.

Sasa turuke karne ine. Mu miaka ya 1800 na mwanzo wa miaka ya 1900, altare nyingi za Hispania zilibomolewa, zikauzwa kipande kwa kipande kwa wafanyabiashara wa vitu vya zamani. Ya Tous nayo ilivunjika. Mikaeli alitoka peke yake. Akaingia mu mali ya tajiri mumoja aliyeishi London, Julius Wernher.

Hapa njo historia inatugusa Waafrika. Wernher alizaliwa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1850. Angali kijana alitumwa Kimberley, Afrika ya Kusini, kununua almasi kwa niaba ya mufanyabiashara wa Paris, Jules Porgès. Baadaye yeye na mwenzake Alfred Beit wakawa wakubwa sana mu almasi na mu zahabu, na Wernher akawa mumoja wa vigogo wa De Beers, kampuni iliyoundwa mwaka 1888. Alipokufa mwaka 1912 alikuwa kati ya matajiri wakubwa kabisa wa Uingereza.

Na kule chini ya shimo? Tangu mwaka 1885 wafanyakazi weusi wa Kimberley walianza kufungiwa mu kambi zenye ukuta. Mutu anaingia na mukataba, anakaa ndani miezi yote, halali nje, halafu mbele ya kutoka anapekuliwa mwili muzima ili asibebe jiwe. Siye wa inchi ya migodi hatuhitaji kuelezwa sana. Sisemi kwamba Wernher aliiba picha, hapana. Alinunua kama tajiri yeyote. Nasema tu: makuta yaliyonunua malaika yalipita mu zile kambi.

Picha ilibaki kwa ukoo wake, mu jumba kubwa la Luton Hoo, kaskazini ya London, mupaka mwaka 1995. Mwaka ule National Gallery iliinunua. Leo ni mali ya watu wote wa Uingereza, na kuingia kuitazama mu makumbusho ni bure. Kijiji cha zamani cha Tous chenyewe kilihamishwa juu ya bwawa la mto Júcar. Tarehe 20 Oktoba 1982 ukuta wa lile bwawa ulivunjika, maji yakaharibu bonde lote. Hata kama mutu angetaka kurudisha Mikaeli mahali pake, kanisa lile halimungojei tena.

Tukiandika orodha ya wenye picha, ni fupi: bwana wa Tous, kanisa, Wernher na ukoo wake, makumbusho. Orodha hiyo ni ya kweli, na mutu yeyote wa sheria ataikubali. Lakini ni orodha ya wanunuzi. Wakulima wa Tous hawamo, wachimbaji wa Kimberley hawamo. Kwa mwanafunzi wa historia, kazi ni kusoma orodha zote mbili, ile iliyoandikwa na ile isiyoandikwa, bila kuchanganya: kulipa kwa jasho hakukupi hati ya umiliki, na hati ya umiliki haifuti jasho.

Sasa naachia ninyi. Kama kesho wangeweka kibao kipya pembeni ya ile picha, mungeandika majina ya nani?