Chifu: cheo kilichofika Meru na Embu na neno lake

Kila mjadala wa kuwaondoa machifu unapozuka, na haujakoma tangu Katiba ya Kenya ya 2010 iagize utawala wa mikoa, ambao machifu ni sehemu yake, upangwe upya, hutokea watetezi wanaosema cheo hiki ni mila yetu. Kwa Meru na Embu dai hilo halina mizizi. Neno lenyewe lilianzia kwenye Kilatini, caput, yaani kichwa. Wafaransa wakalifanya chef, ambalo sasa pia humaanisha mpishi wa hoteli kubwa, na Waingereza wakalifanya chief. Jaji Mkuu analo katika cheo chake cha Kiingereza, Chief Justice, na vijana mtaani huitana "chifu" kwa urafiki tu. Vijijini lilitua na maana moja nzito: mtu wa serikali.

Embu ilishindwa na Waingereza kwa bunduki mwaka 1906. Meru ilipata kituo cha utawala mwaka 1908 chini ya Edward Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi. Sheria ya kikoloni ya 1902 ilikuwa tayari imeiruhusu serikali kuteua wakuu wa vijiji, na hapa mkuu wa aina hiyo hakuwepo. Kulikuwa na viama, yaani mabaraza ya wazee, Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru, na mugambi, msemaji aliyetangaza yaliyokubaliwa. Wapo watakaomtaja Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru. Lakini Mugwe alibariki. Hakutoza kodi wala kumtoa mtu shambani akachimbe barabara. Chifu alifanya yote mawili.

Tofauti hiyo kati ya mamlaka ya kimila na amri ya serikali ilionekana wazi mwaka 1956, Njuri ilipopiga marufuku tohara ya wasichana, huku maafisa wa kikoloni wakiunga mkono. Mwanahistoria Lynn Thomas ameeleza yaliyofuata: wasichana walijikata wenyewe kwa wembe, wakaitwa Ngaitana, "nitajitahiri", na katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400 wakashtakiwa. Mtu atasema marufuku ilikuwa ya haki. Naam, ukeketaji ni dhuluma. Ila amri ya wazee iliyotekelezwa na machifu kwa faini ilisikika kama amri ya mkoloni, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupuuzwa kwake.

Mwaka 1997 Bunge lilipunguza mamlaka ya machifu, na mageuzi mengine yamefuata. Hata hivyo, chifu wa leo huomba kazi, husailiwa na kuajiriwa na serikali ya kitaifa. Wanakijiji wanaoitwa barazani kwake hawampigii kura, na Bunge linapaswa kulijadili hilo bila kujificha nyuma ya mila.