Mradi umechelewa, bei imepanda: nani alipe?

1/ Wikendi nilikuwa nyumbani Tulia. Sokoni mjadala ni ule ule kila siasa zikipamba moto. Mmoja: "Kontrakta amekula pesa!" Mwingine: "Si serikali haijamlipa, bana!" Hakuna aliyeuliza swali lenyewe: nani alichelewesha kazi? Hebu tuangalie historia kidogo. 🧵

2/ Reli ya Uganda, ile iliyopita Kibwezi na Makindu, ilitengewa pauni milioni 3 na Bunge la Uingereza mwaka wa 1896. Hadi mwisho gharama ilikuwa imepita milioni 5. Iliyojenga ni kamati ya serikali yenyewe, so hakukuwa na kontrakta mkuu wa kubanwa. Nyongeza yote ikamwangukia mlipa ushuru.

3/ Baadaye dunia ikatafuta kanuni. Shirikisho la wahandisi washauri, FIDIC, lililoanza 1913, lilitoa mkataba wa mfano mwaka wa 1957. Watu huuita Kitabu Chekundu. Mikataba mingi ya barabara na mabwawa yanayofadhiliwa na benki za maendeleo hufuata mfano huo.

4/ Toleo la 1999, kifungu cha 13.8, lina hesabu ya kubadilisha bei. Malipo hugawanywa: sehemu isiyobadilika, vibarua, mafuta, simiti, vyuma. Mfano wangu: hati ya malipo ya shilingi milioni 1, mafuta ni asilimia 20. Mafuta yakipanda asilimia 40, nyongeza ni asilimia 8, yaani 80,000. Si 400,000. Ukisikia mtu jukwaani akisema "mafuta yamepanda, so mradi mzima upande vivyo hivyo", mwulize hesabu.

5/ Sasa hapa ndipo moto huwaka. Kifungu hicho hicho kinasema kontrakta akipitisha tarehe ya mwisho kwa makosa yake, bei hukadiriwa kwa viwango vya karibu na ile tarehe, au vya sasa, vyovyote vinavyomfaa mwenye mradi. Akichelewa yeye, mfumko wa bei ni mzigo wake.

6/ Lakini kama serikali ilichelewa kutoa ardhi au michoro, kontrakta ana haki ya kuongezewa muda, na bei inaendelea kupanda na soko. Ndiyo maana vita vya bei huwa kwa kweli ni vita vya tarehe. Na ni lazima atoe notisi ndani ya siku 28 tangu ajue tatizo. Akinyamaza, haki inapotea. Mhandisi huamua kwanza, halafu bodi ya migogoro, na mwisho wasuluhishi.

7/ Kwa sheria yetu ya ununuzi wa umma ya 2015, kifungu cha 139, bei haipandishwi ndani ya miezi 12 ya kwanza tangu mkataba utiwe sahihi. Na mabadiliko yote yakijumlishwa yakipita asilimia 25 ya bei ya mwanzo, hiyo kazi ya ziada itangaziwe tenda kando.

8/ Tuje kwetu. Bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, lilianza kujengwa 2018. Tarehe ya kukamilika imesogezwa zaidi ya mara moja. Katikati ya hapo, dizeli Nairobi ilitoka chini ya shilingi 100 kwa lita mwanzoni mwa 2021 hadi 140 katikati ya 2022. Kila mwezi wa kuchelewa una bei yake.

9/ Na deni likikaa, riba inahesabiwa. Mwaka wa 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. 2025 serikali ikaweka rehani shilingi 7 kati ya hizo ili ipate bilioni 175 za kulipa makontrakta wa barabara. Mtu wa bodaboda hapa Tulia analipa hizo 7 kila akijaza tangi.

10/ Mjomba wangu alibeba mchanga kwa lori kwenye mradi mmoja uliokwama. Yeye hana kifungu cha 13.8. Bei yake ilibaki ile ile, na malipo ya mwisho alingoja zaidi ya mwaka. Kwa hiyo mkutano ujao, kabla ya kupiga makofi, uliza manne: tarehe ya mwisho ilikuwa lini? Nani aliisogeza? Notisi iko wapi? Na waliobeba mchanga wamelipwa?