Baba wa Huku, Baba wa Kule

Mwaka 1253, mtawa Mfransisko aitwaye William wa Rubruck alivuka nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi akielekea kwa Wamongolia, akiwa amebeba barua ya Mfalme Louis IX wa Ufaransa. Njiani aliyaona makaburi ya Wakumani, watu wa nyika hizo: vilima vya udongo na, juu yake, sanamu zilizoelekezwa mashariki, zikiwa zimeshika kikombe mbele ya kitovu. Sanamu za mawe za watu hao zipo hadi leo, na nyingi zimekusanywa kwenye jumba la makumbusho la mji wa Dnipro, Ukraine. Wenyeji huziita "baba za mawe".

Mswahili akisikia hivyo atadhani anatajiwa akina baba. Kumbe kwa Kirusi na Kiukraine baba ni mwanamke: nyanya, bibi kizee, au mama wa kijijini. Zimo kweli sanamu za wanawake waliovaa vidani, lakini zimo pia za wanaume wenye kofia za chuma na silaha, nazo zote huitwa baba. Wanaisimu wengine wanaona chanzo chake ni kukutana kwa lugha mbili. Wakumani walisema lugha ya jamii ya Kituruki, na katika jamii hiyo baba ni mzazi wa kiume au mhenga. Kwa maelezo hayo, Waslavi waliokuta sanamu hizo walilipokea jina lake kutoka kwa wenyewe, kisha wakalielewa kwa lugha yao. Mhenga akageuka bibi.

Silabi hizo mbili zimeenea mno. Mturuki, Mwajemi, Mbengali, Myoruba, Mshona na Mswahili wote humwita baba yule aliyewazaa. Kwa miaka mingi, watu waliokutana na mfanano wa namna hii walishawishika kutafuta lugha moja ya kale iliyozaa nyingine zote, au msafara uliolibeba neno kutoka nchi hadi nchi. Jibu lenye nguvu zaidi lilipatikana kwa mtoto mchanga.

Mwaka 1959 mwanaanthropolojia wa Marekani George Peter Murdock alichapisha matokeo ya kukusanya maneno 1,072 ya kumtaja mama na baba kutoka lugha za kila pembe ya dunia. Zaidi ya nusu ya maneno ya baba yalikuwa na silabi za aina ya pa au ta. Ya mama yalielemea ma na na. Mwaka uliofuata Roman Jakobson, mwanaisimu mzaliwa wa Moscow, alitoa maelezo. Mtoto anaponyonya, midomo yake imeziba na sauti hupitia puani, ikitoka kama m. Mlio huo huwa ndio wa kuomba ziwa, na kwa hiyo wa kumwita anayenyonyesha. Ba na pa nazo hutoka kwa kufumbua midomo tu, kazi ambayo kinywa kisicho na meno huiweza mapema. Mtoto hubwabwaja ba-ba-ba bila kumkusudia mtu. Wakubwa walio karibu ndio huamua kuwa ameita, na huamua pia ni nani aliyeitwa.

Uamuzi huo ndio uliotofautiana. Katika Jojia, kwenye milima ya Kaukasi, mama ndilo neno la baba, na mama mzazi huitwa deda. Babu yao ni babua, neno ambalo Mswahili angelitambua bila mkalimani. Wajapani walimpa ajuza neno baba, na katika mchezo wao wa karata uitwao baba-nuki hushindwa yule anayebaki na karata ya huyo bibi. Kihispania hakikumpa mtu yeyote: baba ni udenda, ute unaochuruzika kwenye kidevu cha mtoto huyohuyo anayebwabwaja.

Waslavi walilikabidhi kwa wanawake wazee, na historia yao inaonyesha heshima iliyofuatana nalo. Kwa Wabulgaria baba alikuwa nyanya na alikuwa pia mkunga. Kila Januari huadhimishwa Babinden, siku ya wakunga. Kwa desturi, wanawake waliojifungua humwendea aliyewazalisha, humwagia maji mikononi, na humtunza sabuni, taulo na mkate. Mikono iliyompokea mtoto inaoshwa na mama yake kwa shukrani. Upande wa pili wa neno hilo yuko Baba Yaga, kizimwi wa kike wa hadithi za Kirusi, ambaye Mikhail Lomonosov alimtaja katika kitabu chake cha sarufi mwaka 1755.

Neno likishazaliwa midomoni mwa watoto, hata hivyo, linaweza kushika njia kama mtu mzima. Katika Anatolia ya karne ya 13, baba ilikuwa cheo cha viongozi wa kiroho waliofuatwa na wafugaji wa Kituruki. Maasi yaliyowatikisa masultani wa Kiseljuki karibu mwaka 1240 yanaitwa hadi leo maasi ya Wababai, kwa ajili ya viongozi wake Baba Ilyas na Baba Ishak. Katika tarika ya Kibektashi, baba bado ni daraja rasmi la uongozi. Huko Punjab, mwanzilishi wa dini ya Kalasinga, Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, hutajwa na wafuasi wake kwa mapenzi kuwa Baba Nanak. Na katika bandari ya Melaka, wafanyabiashara wa Kichina waliooa wenyeji wa Kimalei waliacha kizazi kinachojiita Baba kwa wanaume na Nyonya kwa wanawake. Wataalamu wengi wanalihusisha jina hilo la wanaume na neno la heshima lililokuja kutoka Uajemi na India.

Safari nyingine haikuwa ya hiari. Mwanzoni mwa karne ya 19, Wayoruba wengi waliuzwa utumwani hadi Bahia, Brazil, na wengine hadi Kuba. Walinyang'anywa karibu kila kitu, lakini vyeo vya dini yao vilivuka bahari pamoja nao. Babalawo, baba wa siri, anapiga ramli ya Ifa mjini Havana kama afanyavyo mwenzake wa mji wa Ife huko kwao. Huko Salvador, kiongozi wa ibada za Orisha, miungu ya Wayoruba, ni babalorixá. Wabrazili walikifasiri cheo hicho kwa Kireno wakapata pai de santo, ila asili haikufutika. Katika nchi hiyohiyo, babá ni yaya anayelea watoto, na hao watoto wakitoa udenda, huo nao ni baba.

Neno la Kislavi nalo lilisafiri, likaishia mezani. Wapolandi walioka keki ndefu ya chachu waliyoiita baba. Mfalme wao Stanisław Leszczyński alipopoteza kiti alikuja kuwa mtawala wa Lorraine; binti yake Marie alikuwa ameolewa na Louis XV mwaka 1725. Nicolas Stohrer, mwokaji aliyemfuata Marie hadi Versailles, alifungua duka mjini Paris mwaka 1730, katika barabara ya Montorgueil, na duka hilo linauza baba hadi leo, ikiwa imeloweshwa ramu. Wafaransa hupenda kusimulia kuwa Stanisław aliipa keki yake jina la Ali Baba wa Alfu Lela Ulela. Masimulizi hayo hayahitajiki. Bibi wa Kipolandi anatosha.

Kwa Wabantu, sarufi yenyewe imehifadhi alama ya kinywa cha mtoto. Mgikuyu akisema baba, amesema tayari baba yangu. Baba yako ni thoguo, na wa yule ni ithe. Kizulu kinafanya vivyo hivyo: ubaba ni wangu, uyihlo ni wako, uyise ni wake. Neno limebaki mali ya anayeita.

Kiswahili kililegeza mpaka huo. Kinasema baba yangu, babako, babake bila kubadili shina, kisha kikalipanua neno kwa ndugu wa kiume wa baba, mkubwa na mdogo, kwa mwenye nyumba, kwa Baba Mtakatifu aliyeko Roma na kwa Julius Nyerere, Baba wa Taifa. Mama humbembeleza mwanawe wa kiume kwa kumwita baba, kama Waarabu wengi wanavyomrudishia mtoto neno alilowaitia. Na mwanamume akishapata mtoto, jirani huanza kuliacha jina lake la kuzaliwa: mtaani anakuwa Baba Asha au Baba Juma, na wapo wanaoishi naye nyumba kwa nyumba miaka mingi bila kulijua jina lake jingine.