Diski Ilitufunza Nini

Nilivaa diski mara ya kwanza nikiwa darasa la nne. Kilikuwa kipande cha ubao, ukubwa wa kiganja, kimetobolewa juu na kupitishwa kamba ya mkonge. Mkonge si kitu cha kutafuta upande huu wa Voi. Kamba ilikwaruza shingo, lakini hiyo haikuwa shida.

Sheria ilikuwa rahisi. Ukisikika ukiongea Kidawida, unavaa. Kiswahili nacho kilikuwa kosa, isipokuwa Ijumaa. Unatembea nayo mpaka umnase mwingine akiteleza, unamvisha, unakuwa huru. Kengele ya jioni ikilia, atakayepatikana nayo anakula viboko vinne.

Siku hiyo ilikuwa inaelekea saa tisa na bado ninayo. Binamu yangu alikaa kando yangu. Nilimkanyaga mguu kwa kisigino, kwa nguvu zangu zote. Akalia kwa lugha ya mama yake, kama mtu yeyote angelia. Nikavua diski nikampa.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa chuo kikuu nasomea ualimu, na mhadhiri akatusomea nadharia za kujifunza kutoka kwa noti zilizoonekana kuandikwa kabla sijazaliwa. Pavlov na mbwa wake, Thorndike na paka, Skinner na panya. Wengine walikuwa kwa simu. Mimi nilikuwa nafikiria kisigino changu. Karo iliniishia mwaka wa tatu nikaacha, ila noti zile bado ninazo.

Diski haikuanza na sisi. Karne ya 19 watoto wa Wales walivishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiwelsh. Ufaransa walifanya vivyo hivyo kwa watoto wa Brittany. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, jinsi Kiingereza kilivyotawala shuleni kwao baada ya Hali ya Hatari kutangazwa 1952, na jinsi mtoto aliyekutwa na lugha ya nyumbani alivyochapwa au kuvishwa kibao cha matusi. Kinachonikera ni kwamba huku kwetu mambo yalianza kinyume kabisa. Mmishonari Joseph Wray alipofika Sagalla 1883, mwanafunzi wa kwanza wa lugha alikuwa yeye mwenyewe. Alijifunza Kisagalla hadi akakiandikia kitabu cha sarufi. Sidhani kuna mtu alimvisha ubao alipokosea.

Sasa rudi kwa paka. Mwaka wa 1898, wakati simba wa Tsavo wanawala wajenzi wa reli hapo mbele tu ya Voi, kijana anayeitwa Edward Thorndike alikuwa New York akifungia paka wenye njaa ndani ya masanduku ya mbao. Nje kuna chakula. Paka anahangaika, anakwaruza, anauma, mpaka kwa bahati anavuta kitanzi na mlango unafunguka. Anarudishwa ndani. Pole pole yale mahangaiko yanapungua na kitanzi kinavutwa mapema zaidi. Thorndike akasema: tendo linaloleta raha linakita mizizi, linaloleta karaha linafifia. Walimu wengi wa fimbo wangeshangilia sehemu hiyo ya pili. Bahati mbaya kwao, kufikia miaka ya 1930 Thorndike mwenyewe alikuwa ameirekebisha. Raha inajenga, akasema, lakini karaha haibomoi kwa kiasi hicho.

Skinner akaenda mbali zaidi. Katika kitabu chake cha 1938 anaeleza panya waliozoea kubonyeza kijiti wapate chakula. Chakula kikakatizwa, na kundi moja likawa linapigwa makofi ya miguu kila likibonyeza. Waliopigwa waliacha haraka. Kisha makofi yakaisha, wakarudi, na mwisho wa hesabu walikuwa wamebonyeza sawa na wenzao ambao hawakuguswa. Kofi liliwanyamazisha tu kwa muda.

Ukiiangalia diski kwa macho hayo, unaona kitu ambacho mwalimu wetu hakukiona. Yeye alidhani anatufunza Kiingereza. Lakini jiulize, ni tendo gani hasa lililopata malipo? Kuongea Kiingereza hakukuleta chochote. Kukaa kimya kulileta usalama. Na kumnasa mwenzako kulikuondolea ubao shingoni papo hapo, kabla hata hujapumua. Hakuna malipo ya haraka kuliko hayo. Kwa hiyo tulijifunza vitu viwili kwa ufasaha: kunyamaza na kuwinda. Nilikuwa mwindaji mzuri. Nilijua nani huongea akishtuka, nani hujisahau akicheza kati, nani akikasirika Kiingereza humtoroka.

Na tulijifunza hata tukiwa watazamaji. Albert Bandura, kule Stanford, aliwaonyesha watoto filamu ya mtu mzima akimtwanga mwanasesere, na akayachapisha matokeo 1965. Watoto waliomwona mtu huyo akiadhibiwa hawakumwiga sana. Lakini walipoahidiwa zawadi wakumbuke alichofanya, waliweza kukirudia kama wenzao. Somo lilikuwa limeingia, linangoja nafasi tu.

Niseme pia kwamba viboko hivyo vilikuwa haramu. Serikali ilipiga marufuku adhabu ya kiboko shuleni 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Mimi nilianza shule baada ya 2001. Kiboko kilikuwa kinakaa juu ya kabati la vitabu, mahali pa kila mtu kukiona.

Nilipoacha chuo nilirudi Mraru, na majirani wakaanza kuniletea watoto wa tuisheni. Kumi na wanne, mabenchi mawili, kibaraza cha nyanya yangu. Wiki ya kwanza nilitoka kidogo kujibu simu, na nikiwa mlangoni nikasikia mdomo wangu ukimwambia kijana mmoja: andika majina ya wapiga kelele. Hata sikuwaza. Bandura angecheka.

Kulikuwa na msichana hapo ambaye sikuwahi kusikia sauti yake. Nikiuliza kuhusu sehemu, nusu na robo, anatazama chini. Kisha jioni moja nikamsikia chini ya mwembe akimweleza mdogo wake hesabu ile ile, kwa Kidawida, bila kukwama. Kesho yake nikawaambia, jibuni kwa lugha yoyote. Ilikuwa fujo. Wiki nzima waliitumia kutaniana. Kisha msichana akainua mkono na kueleza, maelezo marefu, wenzake wakitikisa kichwa. Mimi nilishika labda nusu. Ilibidi nyanya, aliyekuwa akichambua maharagwe kando, anitafsirie. Alifanya hivyo bila kuniangalia.

Binamu yangu sasa ana boda. Mwezi jana alinibeba kutoka Voi, njia ile ile ambayo miaka ya 1970 kina mama wa Mraru walichoka kuachwa na magari yaliyojaa hadi wakachanga na kununua basi lao. Sisi wawili huongea Kiswahili tu, na Sheng. Nikamuuliza kama anakumbuka diski. Alicheka, akapunguza mwendo kwenye kona.

"Wewe ulinikanyaga guu la kushoto," akasema. "Kisha ukaniambia sorry kwa Kizungu."

Hiyo ya sorry nilikuwa nimeisahau kabisa.