"Alikuwa akizuiliwa": Safari ya njeo moja ya Kiingereza hadi Kaaleng

Mei 1960, chama cha KANU kilipoundwa, Jomo Kenyatta alikuwa akizuiliwa Lodwar. Sentensi hii ina vitenzi viwili vya wakati uliopita, lakini havifanyi kazi moja. "Kilipoundwa" ni tukio lililofika likaisha. "Alikuwa akizuiliwa" ni hali iliyotangulia tukio hilo na kuendelea baada yake. Hebu andika "Kenyatta alizuiliwa KANU ilipoundwa". Msomaji atadhani alishikwa kwa sababu ya chama, ilhali alikamatwa Oktoba 1952, akahukumiwa Kapenguria Aprili 1953, akafungwa Lokitaung, kisha akahamishiwa Lodwar 1959.

Mwanafunzi wa Kaaleng, huko huko kaskazini mwa Turkana iliko Lokitaung, hutakiwa kuyasema haya kwa Kiingereza: "Kenyatta was being held at Lodwar when KANU was formed." Kanuni yenyewe si ndefu. Tumia "was" kwa umoja, "were" kwa wingi na kwa "you", kisha kitenzi chenye "-ing". Mbona basi inawatatiza wengi? Tuangalie ilikotoka.

Kiingereza cha kale kilikuwa na njia mbili. Ya kwanza iliunganisha kitenzi cha "kuwa" na kitenzi kingine chenye kiambishi "-ende". Ya pili ilitumia nomino ya kitenzi pamoja na kihusishi "on", kama mtu kusema "alikuwa katika kuwinda". Kihusishi hicho kilififia kikawa "a-", mwishowe kikatoweka. Baadaye "-ing" ilichukua nafasi ya "-ende", na sura za njia hizo mbili zikafanana. Wataalamu wangali wanabishana ni ipi iliyochangia zaidi.

Hata enzi za Shakespeare njeo hii haikuwa lazima. Katika Hamlet, Polonius anapotaka kujua mwana wa mfalme anasoma nini, anatumia njeo sahili. Katika kauli ya kutendwa mambo yalichelewa zaidi: kwa muda mrefu Waingereza walisema nyumba "was building", yaani ilikuwa ikijengwa. "Was being built" ilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 18, na ikapingwa vikali. Mwaka 1870, Mmarekani Richard Grant White aliishambulia katika kitabu chake Words and Their Uses. Kwa hiyo "was being held" ya mwanafunzi wetu ingemkera msomi huyo!

Mwaka huo huo wa 1870, mmisionari Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alichapisha A Handbook of the Swahili Language. Kiswahili hakina ugomvi huo: "-ki-" hupokea kutendwa bila taabu. Lakini wepesi huu ndio mtego. "-ki-" yetu ina kazi nyingi kuliko "-ing" yao.

Kwanza, sisi husema "nilikuwa nikijua", na mwanafunzi akatafsiri moja kwa moja "I was knowing". Kiingereza sanifu kinataka "I knew", kwa kuwa kujua, kupenda na kumiliki huchukuliwa kuwa hali, si vitendo vinavyoendelea.

Pili, na hili ndilo zito, "alikuwa aki-" hubeba pia mazoea. Chukua shahidi anayeeleza kwa Kiturkana, maneno yake yanatafsiriwa kwa Kiswahili, kisha yanaandikwa kwa Kiingereza: "Alikuwa akija hapa kununua mbuzi." Alimaanisha mteja wa kila mara: "He used to come here to buy goats." Mkalimani akiandika "He was coming here to buy goats", anayesoma ataona safari moja, mtu yuko njiani siku ya tukio. Mteja wa zamani anageuka mshukiwa, na hakuna aliyesema uongo.

Ndiyo maana kukariri "was" na "-ing" hakutoshi. Kabla ya kutafsiri, jiulize: je, hili ni tukio lililokwisha, jambo lililokuwa likiendelea, hali, au mazoea? Kiswahili huweza kuyaficha mawili chini ya "-ki-" moja. Kiingereza kitakudai uchague.